Chumvi ya mawe isiturudishie rovu

Mhariri,

Jumamosi nikiwa gengeni nilimsikia muuzaji akimshauri mama mjamzito aachane na chumvi ya paketi, iliyotiwa madini joto (iodini), achukue ya mawe iliyokuwa kwenye kiroba wazi, "ya asili, haina kemikali". Akapimiwa, akaondoka nayo. Nilimfuata tukazungumza, lakini nimerudi nyumbani sina raha.

Mimi ni mzaliwa wa Makete. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu, wengi wanaita goita, kubwa kama embe dodo. Alilifunika kwa khanga hata jua likiwaka. Hakuwa peke yake kijijini: wapo waliochanjwa chale shingoni, wapo walioambiwa wamerogwa. Kumbe tezi ilikosa madini joto tu.

Tezi yenyewe ni thairoidi, imekaa mbele ya shingo kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Inatengeneza homoni iitwayo thairoksini, na kila molekuli yake inabeba atomu nne za madini joto. Homoni hii ndiyo inayopanga kasi ya mwili: moyo upige vipi, chakula kigeuke nguvu upesi kiasi gani. Ikipungua mtu anahisi baridi, anachoka, ananenepa, choo kinakuwa kigumu. Hapo pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, humwaga homoni ya kuihimiza thairoidi iongeze kazi. Thairoidi haina malighafi, na amri haikomi. Basi inavimba, mwaka baada ya mwaka.

Kwetu milimani mvua husomba madini joto kutoka udongoni, na mazao nayo yanayakosa. Watu wa pwani msijione mmesalimika. Maji ya bahari yana madini joto kidogo mno, na chumvi inayoanikwa haibaki nayo ya kutosha. Hata Unguja na Pemba, visiwani kabisa, watafiti wamewahi kukuta watoto wa shule wenye goita.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Miezi ya mwanzo thairoidi ya mtoto tumboni bado haijaanza kazi. Ubongo wake unajengwa kwa thairoksini ya mama. Akipungukiwa sana wakati huo, hasara hairekebishiki. Rovu la bibi kila mtu aliliona. Mtoto huyu atakaa darasani, ataitwa mzito wa kuelewa, na hakuna atakayekumbuka kiroba cha chumvi.

Uswisi, nchi ya milima iliyosumbuliwa na rovu vizazi na vizazi, ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, na rovu likapungua. Kwetu sheria ipo. Ninachoomba ni wakaguzi wafike magengeni, na wavunaji wadogo wa chumvi wasaidiwe kupata dawa ya madini joto ya kuchanganyia kwa bei wanayoimudu. Nyumbani, chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, itiwe chakula kikikaribia kuiva, ili madini joto yasipotee.

Mwenye uvimbe tayari aende hospitali apimwe damu. Si kila goita ni upungufu wa madini joto. Nyingine ni tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na hiyo haiponi kwa chumvi.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Dar es Salaam