Nani aliyeshika mzani?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya vidonge vya kahawa ya kijani, yaani mbichi isiyokaangwa, vinavyosifiwa kila kona kwamba vinayeyusha mafuta mwilini.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha. Mwezi uliopita alinijia mama wa miaka hamsini na ushee, presha yake 180 kwa 110. Alipokuwa anatafuta kadi mkobani, kikachomoza kichupa cheupe chenye picha ya punje za kahawa. "Mwanangu, siku hizi natumia hivi, vile vyenu nimeviacha. Aliyeniuzia kasema vina antioksidanti, vinasafisha mwili, na kilo zinaondoka zenyewe." Laki na nusu kwa mwezi, hela ya kikoba. Nikampandisha kwenye mzani: kilo 104, zile zile za miezi mitatu nyuma. Akaomba apime tena, safari hii amevua kanga ya juu.

Dai hilo lina chimbuko. Mwaka 2012 ilichapishwa ripoti ya jaribio lililofanyika India. Watu 16 tu wenye uzito mkubwa walimeza dondoo ya kahawa mbichi, kwa zamu na vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 22, ikaelezwa wamepungua wastani wa kilo nane. Mehmet Oz, wakati huo daktari wa televisheni Marekani, akavisifu, watu wakavigombania. Tume ya Biashara ya huko ilipochunguza ikaeleza kuwa mtafiti mkuu alikuwa akibadilisha uzito wa washiriki kwenye rekodi. Mwaka 2014 kampuni iliyogharamia kazi hiyo, Applied Food Sciences, ikakubali kulipa dola milioni 3.5, na ripoti ikaondolewa. Lakini kichupa cha yule mama bado kimeandikwa "imethibitishwa kisayansi"!

Jaribio la kweli huhitaji watu wengi, wagawanywe kwa kura, nusu wapewe vidonge vya kufanana visivyo na kitu, na hata anayepima asijue nani kameza nini. Maana aliyetoa laki na nusu huanza mwenyewe kupunguza sukari kwenye chai na kuacha chapati ya usiku, halafu sifa ikaenda kwa kidonge. Majaribio ya namna hiyo ya chai ya kijani, nayo husifiwa kupunguza uzito, yalipopitiwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, mwaka huo huo wa 2012, tofauti ya uzito katika majaribio ya nje ya Japani ilikuwa kama gramu 40. Yai la kisasa lina uzito zaidi ya hapo.

Wala neno antioksidanti, yaani viini vinavyosemwa kukinga chembe za mwili zisiharibike, si kinga. Finland waliwapa beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti hizo, wavuta sigara, katika jaribio la watu zaidi ya 29,000. Matokeo ya 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza.

Mhariri, gazeti lako nalo huchapa matangazo haya. Nakuomba, kabla hujapokea jingine, muulize mwenye bidhaa: ilijaribiwa kwa watu wangapi, walilinganishwa na akina nani, na nani aliyeshika mzani?

Mama amerudi kwenye dawa zake, na Alhamisi presha ilikuwa 150 kwa 94. Kichupa aliniachia, kikiwa na vidonge vingi bado. Mkinihitaji nitakileta ofisini kwenu, mkisome wenyewe.

Muuguzi,
Tanga