Hamisi, mkataba kwanza

London

Mdogo wangu Hamisi,

Mfikishie Mama shikamoo yangu, umwambie baridi ya huku nimeshaizoea. Ujumbe wako wa pesa ya ukumbi wa kikundi chenu cha maigizo nimeupata. Kutoa nitatoa. Lakini kujenga kwenye kiwanja cha Baba Mdogo kwa neno la mdomo, hapana.

Sikiliza habari ya James Burbage, seremala aliyegeuka mwigizaji. Mwaka 1576 alikodi ardhi Shoreditch, nje ya mamlaka ya wakuu wa jiji la London, kwa mtu aitwaye Giles Allen: miaka 21, pauni 14 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya pesa ya ujenzi ilitoka kwa shemeji yake, John Brayne, mwenye duka. Jumba hilo la maigizo wakaliita Theatre. Ardhi ilikuwa na mkataba, mgawo baina yao ndio uliobaki na utata. Brayne akafariki 1586, mjane wake Margaret akawa anadai nusu ya mapato. Mwaka 1590 alipofika na watu wake kudai haki, Richard, mtoto wa Burbage, aliwatimua kwa mpini wa ufagio. Mke wa mjomba wake huyo, Hamisi!

Sasa tazama ule mkataba wa ardhi ulivyowaokoa. Ulikuwa na kipengele kwamba Burbage akitumia pauni 200 kukarabati majengo ya zamani ya pale, anaruhusiwa kuondoa alichojenga. Muda ulipokwisha 1597, Allen aliitaka mbao iwe yake. Tarehe 28 Desemba 1598 watoto wa Burbage, Cuthbert na Richard, wakaja na fundi Peter Street na vibarua, wakalibomoa jumba boriti kwa boriti. Liliwezekana kwa sababu ya uungaji wake: mwaloni huchongwa ukiwa mbichi, ulimi wa boriti hii huingia kwenye tundu la ile, kisha hupigiliwa kigingi cha mti. Ukitoa kigingi, boriti inachomoka nzima. Mbao zikavushwa ng'ambo ya mto Thames hadi Southwark, na 1599 zikasimama tena kwa jina la Globe. Allen alishtaki kwa miaka, asishinde.

Huko Southwark walijifunza kuandikiana. Ndugu wale wawili walichukua nusu, nusu ya pili wakagawana waigizaji watano, Shakespeare akiwemo: kila mmoja sehemu moja ya kumi. Kikundi chenu kiandikwe hivyo hivyo, jina na fungu lake.

Turudi kwenye mchoro wako wa ukumbi, ambao hauna kipimo hata kimoja. Peter Street huyo huyo, Januari 1600, aliandikiwa na Henslowe, mwenye majumba ya maigizo, na mwigizaji Edward Alleyn (si yule Allen wa ardhi) mkataba wa jumba la Fortune kwa pauni 440, na kila kitu kimo: mraba wa futi 80 nje na 55 ndani, ghorofa tatu za watazamaji, kimo futi 12, 11 na 9, kila ya juu ikitokeza inchi 10 mbele ya ya chini, jukwaa upana futi 43, likienea hadi katikati ya uwanja. Msingi wa matofali uinuke angalau futi 1 juu ya ardhi. Hilo usilipuuze, maana mti uliozikwa kwenye udongo wa maji huoza miguuni, na nguzo zenu ni hivyo hivyo. Paa la jukwaa nalo lilikuwa na mifereji ya madini ya risasi ya kupeleka maji nyuma, yasiwamwagikie waigizaji.

Huo mviringo wa mchoro wako achana nao. Hata hayo majumba yanayoitwa ya duara yalikuwa na pembe nyingi, kwa sababu boriti ni nyoofu. Jumba la Rose, la 1587, lilikuwa na pembe kama 14. Lilipofukuliwa 1989 ilionekana maji ya paa yalivyochimba mfereji uwanjani chini ya upenu. Kwa hiyo mwaga kokoto pale, na uwanja uwe na mteremko.

Paa la makuti silitaki. Globe liliezekwa nyasi kwa kubana gharama, na 29 Juni 1613 mzinga uliopigwa katikati ya mchezo ukawasha paa, jumba zima likateketea. La 1614 waliliezeka vigae. Na nyinyi jiko la mishikaki la Bi Zuhura liko hapo ukutani!

Globe la sasa, lililofunguliwa 1997, naweza kumtembeza mgeni yeyote nikamweleza kila kiungo. Mwaka 2012 wasanii kutoka Kenya waliigiza hapo kwa Kiswahili. Natamani sana siku moja nikusikie wewe jukwaani hapo Tanga.

Pesa ya msingi ipo. Nitumie picha ya mkataba uliotiwa saini na Baba Mdogo mbele ya mjumbe, wenye miaka, kodi na kipengele cha kuondoa jengo, pamoja na vipimo vya kiwanja kwa futi. Ukishavituma, siku hiyo hiyo natuma. Baba Mdogo mpe shikamoo, umwambie simtilii shaka yeye, nawafikiria wanawe.

Kaka yako,
Idi