Baba, ile ndiva yetu nimeikuta darasani

Glasgow

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma. Mama mfikishie shikamoo yangu. Hela ya mbegu nimeituma juzi kwenye simu yake, naamini imefika.

Siku ya mahafali uliniuliza, "Hizo sera za umma ndiyo nini hasa?" Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Swali lako nimekaa nalo tangu siku ile.

Muhula wa kwanza tulisoma habari za mali ya pamoja: maji, misitu, malisho. Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho ya wote hayana budi kuharibika, maana kila mfugaji ataongeza ng'ombe wake mpaka majani yaishe. Kwa hiyo ama serikali iyashike, ama yagawiwe watu binafsi. Wengi waliokuwa na mamlaka walimwamini. Akaja Elinor Ostrom, naye Mmarekani, akakusanya habari za wakulima wenyewe, wa Nepal, Ufilipino na Hispania, akaona wapo waliogawana maji karne na karne bila kuyamaliza. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Mwalimu alituonyesha picha ya wazee wa mifereji wa Valencia. Kila Alhamisi saa sita mchana huketi mlangoni mwa kanisa kuu na kuamua kesi za maji kwa mdomo, hukumu papo hapo.

Baba, katika picha ile nilikuona wewe. Nilikumbuka alfajiri ulizokuwa ukinichukua kwenda kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kukusanya maji ya mashamba, gogo la kuzibia limezungushiwa majani ya mgomba na udongo, unalitikisa mara mbili, tatu, halafu maji yaliyokusanyika usiku kucha yanatoka kwa kishindo, mekundu, ya baridi. Na daftari lako la zamu, lenye majina ya waliokosa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, na faini zao.

Mwalimu akauliza kama kuna aliyewahi kuona jambo la namna hiyo kwa macho. Nikanyoosha mkono. Nilieleza kila kitu, na darasa zima likanyamaza kunisikiliza. Nilijivunia Upare siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kisha dada mmoja kutoka Nepal akaniuliza: "Walio mwisho wa mfereji wanapata maji kiasi gani? Nao wana mtu kwenye kamati?"

Nilikosa la kusema. Niliona shamba la mama mdogo kule chini, mahindi yamejikunja majani, na yeye amesimama na jembe akisubiri maji ambayo mara nyingi yalifika jua likizama, au hayakufika kabisa. Msaragambo hakukosa hata siku moja. Kwenye kamati sikumbuki kumwona mwanamke.

Utafiti wangu wa mwisho niliufanya juu ya hilo. Sheria yetu ya maji ya 2009 inataka anayechepusha maji awe na kibali, na inazitambua jumuiya za watumia maji. Ni jambo jema. Lakini nyaraka nyingi nilizosoma zinasema "wadau" na kuishia hapo, kana kwamba wa juu ya mfereji na wa chini yake wana shida moja. Kwangu mimi sera inaanzia pale: nani anashika gogo, na nani anaambiwa asubiri.

Sikuandikii kukukosoa, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba zamu ya mtu haiibiwi. Naomba tu kabla ya vuli, kamati itakapokaa kupanga zamu, mama mdogo naye aitwe, aketi, na aseme. Na mwaka mmoja tu mjaribu kuanzia zamu chini, kisha juu. Ukikubali, mwambie mdogo wangu anipigie picha ya daftari.

Mwanao akupendaye