Usinifiche mambo ya chooni

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Juzi kwenye simu ulisema choo chako ni cheusi siku ya tatu sasa, labda ni sombe, yale majani ya muhogo uliyokula. Kisha ukaniuliza habari za mvua. Nakuandikia kwa sababu kwa sauti tunaoneana haya, na jambo hili halitaki haya.

Sombe hufanya choo kuwa cha kijani, na hilo halina neno. Cheusi ni habari nyingine. Kama kimeiva weusi kama lami, kinanata hata ukimwaga maji, na kinanuka vibaya kuliko kawaida, hiyo ni damu. Imetoka huku juu, tumboni au mwanzo wa utumbo, asidi ikaibadilisha njiani, ndiyo maana huioni nyekundu. Damu isiyojaza hata kikombe cha chai yatosha kukifanya hivyo.

Mwaka ule goti langu lilipovimba, nilimeza vidonge vya maumivu, diklofenaki, wiki tatu, asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni. Nikauona weusi huo nikanyamaza. Nitaanzaje kumwambia mama yako? Siku ya nne nilianguka mlangoni na jagi la maji mkononi. Nilitundikiwa chupa mbili za damu.

Wewe unaendesha pikipiki kutwa kwenye mawe ya Goma, mgongo unauma, na najua unanunua ibuprofeni kwa rejareja. Dawa hizo zinadhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo. Ziache leo. Ukifika kwa muganga mtajie kila kidonge, hata vya kuongeza damu kama unavimeza, maana madini ya chuma nayo hufanya choo cheusi. Lakini hilo aamue yeye, si wewe. Omba pia upimwe yule mdudu wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori. Mimi nilidhani vidonda huletwa na mawazo tu, kumbe madaktari wawili, Marshall na Warren, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua mdudu huyo. Mimi nilimeza dawa siku 14 akaisha.

Mwambie na mama mtoto aangalie nepi. Choo cha mtoto mchanga kikiwa cheupe kama udongo mkavu, nyongo haifiki utumboni. Apelekwe upesi, maana mirija ya nyongo ikiwa imeziba, upasuaji hufaa zaidi kabla ya miezi miwili. Choo cha maji ya mchele sina haja ya kukueleza, watu wa Goma mnakijua kipindupindu.

Kesho asubuhi usiende kazini kwanza, nenda kituo cha afya. Ukisimama ukaona kizunguzungu, au moyo ukaenda mbio, usingoje kuche na usiendeshe mwenyewe. Mgongee jirani, hata saa nane za usiku.

Nimekutumia pesa kwenye simu. Ni za kupimwa damu, si za mafuta. Nipigie ukiwa bado kwenye benchi pale.

Baba yako