Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Watu wa Jukwaa, Dodoma

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Wagogo! Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, ndugu zangu, wanafunzi wangu wa zamani na wa sasa, na walimu wenzangu wa sanaa za maonyesho kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa. Nawaombea afya, amani nyumbani, na mvua ya kutosha.

Mvua naitaja makusudi. Huku kwetu msimu ni mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na sikukuu inatukuta na majembe mkononi. Uwele haungoji mazoezi. Kila mwaka majira haya kundi linapungua, huyu kaenda kupanda Bahi, yule kaitwa na mama yake Chamwino, na mimi nasema waende. Mwalimu wa ngoma anayegombana na shamba hajajiuliza ngoma yenyewe imetoka wapi. Msunyunho, ngoma yetu ya Kigogo, huchezwa kuomba mvua na kushangilia mavuno. Utaufundishaje kwa vijana usiotaka wakanyage tope?

Kazi yetu mtu mmoja anaibeba yote: anatunga miondoko, anaongoza mchezo, kesho yake yuko darasani. Ugumu wake watazamaji hawauoni, na ni sawa wasiuone. Chukua ngoma ya duara uipeleke ukumbini. Kijijini watu wamewazunguka wachezaji pande zote, hakuna mgongo wala uso wa ngoma. Ukumbini watazamaji wako upande mmoja. Ukilifungua duara liwe nusu mwezi, wote wanaonekana, lakini wachezaji hawatazamani tena, na nyimbo za Kigogo zenye sauti nyingi zinazopishana zinahitaji watu wasikilizane kwa karibu. Mimi huliacha duara lilivyo, nikakubali baadhi ya migongo. Katika muheme, ngoma ya Kigogo inayopigwa na wanawake, mama anaibana ngoma kati ya miguu yake, kwa hiyo ni wengine watakaomzunguka, yeye ndiye katikati ya jukwaa. Na zeze likianza, waigizaji washushe sauti, maana zeze halishindani na mtu.

Majira haya namkumbuka pia marehemu mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mzaliwa wa Doromo, aliyefariki Desemba 2003. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadaye mzee akafanya kazi Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Aliifikisha ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze kwenye majukwaa ya dunia akiimba Kigogo chake. Wanafunzi wangu wanaoona haya kuimba Kigogo mbele ya watu huwa nawasikilizisha sauti yake kwanza, kabla sijasema lolote.

Wiki hizi tunatafutwa kuliko wakati wowote. Kwaya zinataka stepu za mkesha, watoto wanataka igizo la Bethlehemu. Wapo wasomi wa fani yetu wanaoyadharau haya, nami sikubaliani nao hata kidogo. Wengi wetu katikati ya Tanzania tulisimama mbele ya hadhira mara ya kwanza kanisani. Mtazameni mchungaji wa tatu, mtoto asiye na neno hata moja la kusema, anayetakiwa kusimama na kumsikiliza malaika bila kupunga mkono kwa mama yake. Kutulia mwenzako anapozungumza ni somo ambalo hata waigizaji wakubwa hulirudia. Akilipata akiwa na miaka saba, mwalimu wake wa sekondari atakuwa amepunguziwa kazi kubwa. Basi ukiombwa kusaidia igizo la mtaani kwako, usikatae, na usiwape watoto maneno marefu. Wape la kufanya.

Kwenu mnaofundisha shule ambazo hazina ukumbi, mkifanyia mazoezi chini ya mti huku jua la Dodoma likiwachoma, nawaheshimu sana.

Palizi ikipungua tutaanza tena. Kila mmoja aje na wimbo mmoja aliofundishwa na bibi au babu likizo hii. Asiuandike tu. Auimbe mpaka bibi aridhike, aulize unachezwa na nani na wakati gani, na kama bibi anaweza kuja naye, nauli tutachangishana.

Sikukuu njema, wapendwa. Wasalimieni wazee.