Maandalizi ya Jumamosi: vipande vya kalamu vyenye nakshi

Habari zenu, mafundi. Jumamosi tunatia vipande vya mbao vya kukereza kalamu nakshi ya fundo, yaani mistari inayopishana kama kamba iliyofungwa. Kila mmoja aje na kipande kilichonyooka, chenye pande nne sawasawa kabisa. Zikitofautiana hata kidogo, mistari ya fundo haitakutana. Tutakata kwa nyuzi 45, msumeno usitokee upande wa pili, kisha tupachike ubao mwembamba wenye unene uleule wa mkato. Gundi ikikauka, tunageuza na kurudia hadi pande zote nne ziishe. Wenye mpingo, tafadhali futeni mkato kwa asetoni kwanza, maana mafuta yake hukataa gundi. Na ubao ukilegea msizibe pengo kwa gundi tupu. Ukikereza litaonekana, na inauma kazi nzuri ikiharibika hivyo. Kutoboa tundu ni wiki inayofuata.