Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji, kutoka bondeni Rufiji

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu. Nakuandikia kutoka Rufiji, upande wa Muhoro, ambako Aprili 2024 maji yaliingia hadi vyumbani. Mahema yalikuja, unga na maharage vikaja, na waliotuletea tunawashukuru kwa dhati. Leo sikuandikii kuomba chakula. Naomba taarifa.

Mto kutanuka mwezi wa nne si jambo geni kwetu, na miaka mingine ni neema. Maji yakishuka huacha tope jeusi, na kwenye tope hilo tunapanda mlau. Kwa asiyeujua, mlau ni kilimo cha kuyafuata maji yanavyorudi mtoni, kuanzia Juni hivi. Mahindi yanapandwa bila kungoja mvua, yanakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mwaka ambao mpunga umezama, mlau ndio unaoifikisha nyumba msimu unaofuata. Ndiyo maana hata baada ya mafuriko ya 1968, wazee wetu walipohamishiwa nchi ya juu katika Operesheni Rufiji, waliendelea kushuka bondeni kulima, wakajenga madungu ya kulala huko huko shambani wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Anayetuambia leo tuondoke bondeni moja kwa moja, naomba kwanza atueleze tutakula nini.

Zamani wazee waliusoma mto wenyewe. Waliangalia rangi ya maji, magugu yanayoelea na kasi ya mkondo, wakajua kama ni wa kuvumilia au wa kukimbia. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Nyerere, la umeme, lililo juu yetu kwenye mto huu huu, lilipoanza kujazwa, alama hizo hazitutoshi tena, kwa sababu sehemu ya uamuzi wa maji iko mikononi mwa watu. Silipingi bwawa. Megawati 2,115 ni za Watanzania wote na sisi tumo. Nimeyasikia pia maelezo kwamba bwawa lilipunguza makali ya maji ambayo yangetujia yote kwa mkupuo, na najua mvua za El Niño zilikuwa kubwa kupita kawaida. Mvua ya mito ya juu, ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu, yote mwisho hupita kwetu. Jua linaweza kuwaka hapa siku nzima na maji yakawa yanapanda.

Lakini basi, kama kuna wanaoyaona maji hayo kabla yetu, kwa nini sisi tuwe wa mwisho kujua?

Mwaka ule wa 2024 habari zilitufikia kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, haujulikani umetoka kwa nani. Mmoja unasema maji yanafunguliwa kesho, mwingine unasema ni uzushi, tulieni. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, jioni alichomeka kijiti ukingoni mwa maji akakitia alama kwa kisu. Alfajiri alama ilikuwa imefunikwa. Kabla ya adhuhuri kijiti chenyewe hakionekani. Hapo ndipo tulipoanza kuhama, watoto na wazee kwanza kwenye mtumbwi, vyombo baadaye, na mbegu tukaiacha uchagani tukidhani pale juu iko salama. Tuliporudi, mpunga ulikuwa umeota ndani ya magunia, mizizi imetoka nje ya viroba. Mahindi ya mbegu yalikuwa yameoza, ukiyashika yanapondeka.

Mpunga wa shambani usingeokoka hata tungeambiwa mapema, hilo nalikubali. Mbegu ingeokoka. Siku tatu tu zingetosha. Maji yaliposhuka tope lilikuwa tayari, mikono ipo, mbegu hakuna, na shamba la mlau halingoji mtu: udongo ukianza kupasuka umeshachelewa.

Mheshimiwa, maji yakikaribia kufunguliwa, au yakionekana yanakuja kutoka juu, tangazo litoke sehemu moja inayojulikana, lifike kwa mwenyekiti wa kijiji kwa jina lake, lisomwe msikitini na redioni siku hiyo hiyo. Na lisemwe kwa namna tunayoielewa. Mita za ujazo kwa sekunde hazimwambii mama mwenye watoto wanne chochote. Mwambieni maji yatafika shuleni, au yatapita zahanati, na kwamba ana siku ngapi. Wataalamu wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wana ujuzi huo. Wasimike nguzo zenye rangi katika kila kijiji cha bondeni, wapite nasi kuonyesha maji ya miaka iliyopita yalifika wapi, ili tangazo likitaja rangi kila mtu ajue mlango wake uko upande gani.

Tunaomba pia mbegu ya mahindi ya muda mfupi iwekwe kwenye ghala la kata, nchi ya juu, kabla ya masika na si baada ya maafa.

Liko na suala la tope. Bwawa linashika maji na tope pia. Ikiwa mashamba yetu yatakuwa yanapata maji bila ule udongo mpya, tunataka kujua mapema. Mtutumie wa kuupima, na majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wanaolima.

Mashamba ya mpunga tunaanza kuyatayarisha Novemba. Tunaomba jibu lako litufikie kabla hatujatia mbegu ardhini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa bondeni, Rufiji